Mbingu nyeupe, uwanja mtupu, na ndege haiondoki

SWALI: Shikamoo mzee. Juzi nilikuwa natoka Mwanza kwenda Dar kwa ndege ya saa saba mchana. Ndege yenyewe ilifika imechelewa karibu saa nzima, nikavumilia. Tukapanda, mlango ukafungwa, halafu tukakaa palepale dakika arobaini na kitu. Nje jua kali, wingu hakuna, na uwanjani hapakuwa na ndege nyingine zaidi ya zile ndogo. Tukaambiwa ni "sababu za kiutendaji". Ndiyo sababu gani hizo? Halafu mwezi ujao nasafiri nje ya nchi, ndege inaondoka Dar saa nne usiku. Nikitoka Mwanza mchana wa siku hiyohiyo, nitawahi? – Mfanyabiashara wa samaki, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa joto la humo ndani. Kwanza nitenganishe mambo, maana siku ile ulicheleweshwa mara mbili na kila mara kwa chanzo chake: saa moja kabla ndege haijatua Mwanza, na zile dakika arobaini baada ya mlango kufungwa. Nimefanya kazi ya kuratibu ndege zikiwa chini kwa miaka mingi, na malalamiko mengi yaliyofika mezani kwangu yalikuwa yamevichanganya vitu hivi viwili.

Saa ile ya kwanza haina fumbo. Ndege ikikaa chini haiingizi hata senti, kwa hiyo shirika huipangia safari nne, tano, hata sita kwa siku, na kila safari huanzia pale iliyotangulia ilipoishia. Tuseme ndege yako ilianza siku Dar saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda Songwe, kule Mbeya, ambako asubuhi za ukungu si ngeni. Ukungu ukifunga, rubani haruhusiwi kutua bila kuiona njia ya kutulia katika kimo kilichowekwa, basi anasubiri Dar hadi aambiwe kunafunguka. Saa nzima imekwenda. Akifika Songwe ratiba inampa dakika arobaini hivi za kushusha na kupakia, na hizo hazipungui eti kwa kuwa amechelewa: abiria ni walewale, mabegi ni yaleyale, na bauza linajaza mafuta kwa kasi ileile. Anarudi Dar na deni la saa moja, anapakia watu wa Mwanza, anakuja na deni lake. Wewe uko Mwanza jua linawaka, na kilichokuweka ni ukungu wa Mbeya wa saa moja asubuhi. Muda huo wenyewe wa kule wameshaanika nguo.

Eurocontrol, taasisi inayoratibu trafiki ya anga Ulaya, huhesabu dakika za ndege kuchelewa, na karibu nusu ya dakika hizo huwa ni za kurithi namna hii, kutoka safari moja kwenda nyingine. Hapo ni Ulaya, wenye ndege za akiba. Shirika lenye ndege chache likipata hitilafu kwenye moja, hakuna ya kuchukua nafasi yake. Safari zake hugawiwa ndege zilizobaki, nazo zilikuwa na kazi zake. Mnaokumbuka shida ya injini za Airbus A220 miaka michache iliyopita mnajua ninachosema. Injini aina ya PW1500G zilisumbua mashirika ya nchi nyingi, ndege zikalala chini kusubiri injini, na ratiba ya nchi nzima huyumba kwa ndege mbili tu kukosekana.

Sasa kuna jambo abiria wengi hawalijui. Kila ndege ikichelewa, mtu wa uendeshaji lazima aandike sababu, na haandiki hadithi. Anaandika tarakimu mbili. Misimbo hiyo ni ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, na inatumika Mwanza kama inavyotumika Tokyo. 93 ni ndege kuchelewa kufika kutoka safari nyingine. 41 ni hitilafu ya ndege. 36 ni mafuta. 71 ni hali ya hewa hapa mnapoondokea, 72 ni hali ya hewa huko mnakokwenda. 81 ni msongamano wa anga. Orodha ni ndefu, na mabishano yake ni makali kuliko unavyodhani, kwa sababu msimbo ndio unaomtaja wa kulaumiwa: mafundi, kampuni ya huduma za chini, uwanja, au ofisi ya tiketi. Nimeona watu wazima, wenye wajukuu, wakinuniana siku kadhaa kwa ajili ya dakika sita zilizoandikwa upande usio wao.

Kwa hiyo "sababu za kiutendaji" si sababu. Ni pazia. Mahali fulani kwenye kompyuta kuna tarakimu mbili zinazojulikana, na sioni kwa nini abiria aliyelipa nauli yake asielezwe maana yake kwa Kiswahili cha kawaida. Saa yako ya kwanza, kwa ulivyoieleza, naibashiria 93.

Tuje kwenye zile dakika arobaini, ambazo ndizo zilizokuudhi hasa. Jambo la kwanza: saa iliyoandikwa kwenye tiketi haihusu kuruka. Ni saa ya choki, vile vizuizi vya magurudumu, kuondolewa na ndege kuanza kusogea kutoka kwenye maegesho. Ikisogea ndani ya dakika 15 za muda huo, kimahesabu haijachelewa, hata kama itasimama tena mbele ya safari. Jambo la pili: mnara wa waongoza ndege haumpi rubani zamu akiwa bado anapakia. Sharti awe tayari kabisa, abiria wameketi, lodishiti, ile karatasi ya hesabu ya uzito, imesainiwa, mlango umefungwa, ndipo anaomba kuwasha injini. Anajibiwa washa, au anajibiwa subiri. Ndiyo maana mlango hufungwa hata pale ambapo wafanyakazi wanahisi jibu litakuwa subiri. Ukiuacha wazi unapoteza nafasi kwenye foleni.

Foleni gani, utauliza, na uwanja mtupu? Foleni haikuwa Mwanza. Ilikuwa Dar.

Simama Kamanga asubuhi utaona magari yamejipanga nchi kavu kungoja kivuko. Hakuna anayeyapeleka majini yakazunguke huko hadi gati la ng'ambo liwe wazi. Waongoza ndege hufanya vivyo hivyo. Kama Dar haiwezi kukupokea muda utakaofika, ni heri ungoje Mwanza kuliko kuzunguka juu ya bahari. Ndege ya ukubwa wa Boeing 737 ikizunguka angani hula zaidi ya kilo 2,000 za mafuta kwa saa; ikiwa imeegeshwa, injini kuu zimezimwa na ile injini ndogo ya mkiani ndiyo inayotoa umeme na hewa, hula kama kilo 100 na kitu. Na fedha si hoja kubwa kuliko zote. Kila ndege hubeba mafuta ya kufika, ya kukimbilia uwanja mwingine ikishindikana, na akiba ya mwisho ya dakika 30 kwa ndege za jeti. Anayezunguka angani anakula mafuta yanayompa uchaguzi. Aliyeegeshwa Mwanza hajagusa kitu. Marekani walilikuza jambo hili mwaka 1981, waongoza ndege zaidi ya 11,000 walipofukuzwa kazi baada ya mgomo: waliobaki hawakutosha kuhudumia anga, ikabidi ndege zizuiwe hukohuko zinakotoka. Utaratibu ukaonekana una akili, ukabaki hadi leo.

Dar inabanwa na nini? Ina njia moja ndefu ya kurukia na kutua inayobeba ndege zote kubwa, na zipo saa ambazo ndege za nje na za ndani huwasili kwa mkupuo. Njia moja peke yake si dhambi. Gatwick, London, nao hutumia njia moja na huweza kuhudumia ndege 55 kwa saa. Tofauti huletwa na barabara za pembeni, vifaa na mpangilio. Viwanja vyetu vingi havina barabara ya pembeni inayofika mwisho, hivyo ndege hutembea juu ya njia yenyewe ya kurukia, igeuke mwishoni, ndipo ikimbie kuruka. Dakika zote hizo hakuna anayeweza kutua. Hapo ndipo hata uwanja mtupu unapokuweka: ndege moja iliyo dakika nane kutoka kutua inatosha kukuzuia maegeshoni, na wewe pale dirishani huioni. Ongeza upepo wa kuvurugika unaoachwa nyuma na ndege kubwa. Ndege ya ukubwa wa kati ikitaka kuruka nyuma ya Boeing 787 husubiri dakika mbili, ndogo zaidi pia mbili, na ikianzia katikati ya njia hupewa tatu. Ukiona rubani kasimama tu mwanzoni mwa njia na mbele hakuna kitu, mara nyingi anasubiri hewa itulie.

Yako pia mambo yasiyo na ratiba. Ndege ya kiongozi mkuu inapofika au kuondoka, trafiki nyingine husimamishwa kwa muda, na taarifa yake haitangazwi mapema. Mtu aliye kaunta Mwanza hawezi kukueleza hilo hata akilijua, kwa sababu za usalama zilizo wazi. Hiyo ni mojawapo ya mara chache ambazo "sababu za kiutendaji" naisamehe.

Zamani kulikuwa na kero nyingine, nayo imepungua. Pasipo rada, mwongoza ndege hutenganisha ndege mbili za njia moja kwa saa na taarifa za redio, kwa kawaida dakika kumi kati ya moja na nyingine. Kwa rada anaziona, anaweza kuziacha kwa maili tano za baharini, ambazo jeti huzimaliza chini ya dakika moja. Rada za kuongozea ndege za abiria zimewekwa Dar, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, na nafuu yake ni kubwa. Lakini rada haiongezi njia ya kurukia.

Umeniambia habari ya joto. Kama ndege yako ilikuwa ATR, zile za mapanga, zenyewe hazina injini ndogo mkiani. Zikiwa chini hutumia injini ya kulia, ikiwa imewashwa huku pangaboi lake limefungwa kwa breki lisizunguke. Abiria hushangaa kusikia injini inanguruma na pangaboi limesimama. Utaratibu huo una masharti ya upepo. Ukivuma kwa nguvu kutoka nyuma, injini huzimwa, na hewa baridi inakwenda nayo. Ndipo mnaanza kujipepea kwa kadi za maelekezo ya usalama.

Nieleze moja ambayo pengine haikuwa yako siku ile, lakini wewe mwenye biashara ya samaki utakutana nayo. Abiria amekabidhi begi, amepewa kadi ya kupandia, kisha hakutokea mlangoni. Yuko mgahawani, au amepigiwa simu ya msiba akaondoka. Jina linaitwa, linaitwa tena, kimya. Begi lake haliwezi kusafiri bila yeye. Sheria hii imeandikwa kwa damu: tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India ililipuliwa juu ya Atlantiki kwa bomu lililokuwa kwenye begi la mtu ambaye hakupanda, wakafa watu 329, miaka mitatu baadaye ikalipuliwa nyingine juu ya Lockerbie, Scotland, watu 270. Kwa hiyo mpakiaji anarudi kwenye buti la nyuma. Dari ni fupi, anaingia kwa magoti, tochi kichwani, kiatu kimoja juu ya sanduku la minofu. Mwenzake aliye nje anamsomea namba ya tagi, tarakimu za mwisho tu, naye anageuza begi moja moja: nyeusi, nyeusi, nyeusi, maana Watanzania tumekubaliana sote kununua mabegi meusi. La kwanza kupakiwa ndilo la mwisho kuonekana, na abiria anayepotea kwa kawaida ndiye aliyewahi kaunta kuliko wote. Likitoka, uzito umebadilika. Lodishiti inaandikwa upya, rubani anahesabu upya, anasaini upya. Kwenye ndege ndogo huenda ukaona watu wawili wakiombwa kuhama kutoka nyuma kwenda mbele. Hapo hakuna anayewabagua. Ni mizani inawekwa sawa. Dakika ishirini hizo, na wote mliomo mnamlaani rubani.

Kuhusu ziwa nisiseme sana, mnaliishi. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo hutoka pande zote na kukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda, radi zinajengeka usiku wa manane na kumwagika alfajiri. Mchana upepo hugeuka na radi huhamia nchi kavu. Wavuvi walijua haya kabla yetu. Kwa upande wetu, radi ikikaribia uwanja, wapakiaji huondolewa maegeshoni na ujazaji wa mafuta husimama, kwa hiyo mvua ya nusu saa huzaa ucheleweshaji wa saa moja na zaidi: kazi zote zilizosimama huanza tena kwa pamoja, na bauza haliko la kila ndege. Baada ya Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa na watu 19 kati ya 43 kufa, sidhani kama kuna mtu wa Kanda ya Ziwa anayehitaji kushawishiwa kwamba rubani aachwe asubiri. Korongo na mwewe nao wamo. Uwanja ulio kando ya ziwa, karibu na watu wanaoparua samaki, haukosi ndege hai, na kundi likitua kwenye njia ya kurukia, gari hutumwa kulifukuza kwanza.

Jioni mambo hubadilika sura. Deni la saa moja ambalo asubuhi lilikuwa usumbufu tu, jioni linaweza kufuta safari. Viwanja visivyo na taa hufungwa jua likizama, na pande hizi huzama saa moja kasoro. Ndege ikikokotoa kwamba itafika saa moja na robo, haiendi. Marubani nao wana kikomo cha saa za kazi kisheria. Saa zikiisha zimeisha, hata kama ndege ni nzima, mafuta yamo na abiria wameketi, na hata rubani mwenyewe akiwa anatamani kulala kwake Dar.

Mashirika nayo si malaika. Hutokea safari mbili zenye watu wachache zikaunganishwa kuwa moja, na wa kwanza wakaambiwa ndege ina hitilafu. Hutokea pia kila nusu saa mkaongezewa nusu saa nyingine, ilhali aliye ofisini anajua fika ni saa tatu. Hili la pili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu mtu angeweza kurudi Kirumba akafungue duka lake. Dawa ni kuuliza swali lenye jibu moja. Ukiwa bado jengoni, uliza: ndege yetu iko wapi sasa hivi? Kama bado iko Dar, una saa moja na nusu ya safari na dakika arobaini za kuigeuza, hata tangazo likisema nini. Ukiwa ndani na mlango umefungwa, mwulize mhudumu: tunasubiri zamu ya kuruka, au kuna kinachorekebishwa? Zamu huwa na saa maalumu, rubani ameshapewa. Marekebisho hayana saa.

Kule Marekani, tangu Aprili 2010, shirika haliruhusiwi kuwafungia abiria wa safari za ndani ndege ikiwa chini zaidi ya saa tatu bila kuwapa nafasi ya kushuka. Safari za nje ni saa nne. Kanuni hiyo ililetwa na watu waliokaa siku nzima kwenye ndege zilizoegeshwa. Hapa nyumbani, tunza kadi ya kupandia, andika saa uliyoambiwa na saa mliyoondoka kweli, lalamika kwa shirika kwa maandishi, na usipojibiwa upeleke kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa dakika arobaini sikushauri ujisumbue. Kwa kukosa safari nzima, jisumbue.

Safari yako ya mwezi ujao sasa. Ndege inaondoka Dar saa nne usiku, maana yake kaunta hufungwa kama saa tatu, na Dar huenda ukalazimika kuchukua begi lako na kuhama jengo la abiria. Ukitoka Mwanza saa saba, kwa ratiba unatua saa nane na nusu. Una saa sita mkononi, zinaonekana nyingi. Lakini ndege ya saa saba imeshafanya safari mbili tatu kabla ya kukufikia, na ikiwa mbovu, inayofuata huenda ni ya jioni na imejaa. Angalia tiketi. Kama Mwanza–Dar na safari ya nje viko kwenye tiketi moja, ukikosa ya pili kwa sababu ya ya kwanza, ni jukumu lao kukutafutia nyingine. Hapo ya saa saba inatosha. Kama ulikata mbili tofauti, lile shirika la pili halikujui, na nauli imekwenda. Basi panda ya asubuhi. Na unapoikata, waulize kama ndege hiyo inalala Mwanza au inakuja asubuhi kutoka Dar. Inayolala Mwanza haina deni la mtu; adui yake ni radi ya alfajiri peke yake, nayo kufikia saa tatu au nne kwa kawaida huwa imeshapita, na wewe bado una siku nzima ya kufika.